Sitakuwa Muuguzi Wako

Wifi mtarajiwa wa Sista alikataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule, mkoba kaukumbatia kifuani, macho yake yakilikwepa gauni lililotundikwa kwenye mlango wa kabati. Lilikuwa gauni refu la rangi ya maziwa, la mikono mirefu, gauni la bibi harusi wa miaka hamsini na minane asiyetaka kuchekwa.

"Kaa basi, wifi, nikuletee hata maji."

"Nikikaa sitasema. Acha nisimame." Mgeni akaukaza mkoba kifuani. "Kaka yangu amenituma. Anasema mambo ya ndoa yasimame."

"Yasimame mpaka lini?"

"Hakusema mpaka lini. Alisema yasimame, basi. Nimemuuliza kwa nini, kanyamaza kama jiwe. Nisamehe, wifi. Sijui kama bado nina haki ya kukuita wifi."

"Niite tu," mwenye nyumba akajibu. "Mjumbe hauawi."

Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akamuaga vizuri, akarudi ndani akafunga mlango. Mtaa mzima ulimwita Sista. Alikuwa ameuguza kwa miaka thelathini na kitu katika wodi ya wanaume ya hospitali kubwa. Mwezi uliopita alistaafu kwa keki na hotuba, lakini jina lilikataa kustaafu naye. Katika wodi ile alikuwa amejifunza kupokea habari mbaya bila uso kubadilika. Leo pia uso ulitii. Lakini akajishusha sakafuni, chini ya lile gauni.

Alikaa hapo mpaka hasira ilipofika. Hasira ilimsaidia kusimama. Akavaa viatu akatoka.

Karakana ya Fundi, mchumba wake, ilikuwa nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye mlango mpana na sakafu iliyofunikwa maranda. Huko ndiko penzi lao lilikokulia, ingawa lilianzia wodini. Miaka miwili nyuma seremala huyo aliitwa kurekebisha milango ya wodi, na siku moja akamkuta Sista amekaa kwenye ngazi za nyuma, kavua viatu, kafumba macho. Hakumsalimia kwanza. Alimuuliza, "Sista, na wewe nani anakuuguza?" Sista alicheka, halafu usiku ule akashindwa kulala, kwa sababu katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Fundi alikuwa na miaka sitini na miwili, hajawahi kuoa. Watu walisema alioa mbao. Yeye mwenyewe alisema hakuwahi kuona mwanamke wa kumvumilia mtu anayekuja nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Sista alilivumilia vumbi lile. Wakaanza kupanga uzee wao kama vijana wanavyopanga harusi: nyumba ndogo nje kidogo ya mji, baraza pana, kazi zimekwisha, mtu na mwenzake.

Leo alipofika alikuta wanaume wawili wanainyanyua meza kubwa ya kazi kuipakia kwenye gari. Misumeno haikuwepo tena ukutani, zilibaki alama zake tu, michoro myeupe kwenye ubao uliofubaa. Fundi alikuwa amesimama kando, koti kalivaa na jua lote lile, mkono wa kulia kautia mfukoni.

"Unahama?" Sista aliuliza.

Fundi aligeuka. Kwa kitambo kidogo uso wake ulifanya kile ulichozoea kufanya kila alipomwona mwanamke huyu, ukafunguka kama dirisha. Halafu ukafungwa.

"Nimekodisha. Kuna vijana wanataka kuanza kazi hapa. Mimi nimechoka." Akawangoja wale wapakizi watoke nje. "Dada amefika kwako?"

"Amefika. Umemtuma dada yako kama mtu anayerudisha sufuria la kuazima. Mimi ni sufuria, Fundi?"

"Sista..."

"Nijibu."

"Nimefikiri, nikaona umri umekwenda. Nimezoea kuishi bila mke. Ningekusumbua bure." Alisema maneno hayo akitazama sakafu, haraka haraka, kama mtoto anayesoma shairi alilokaririshwa.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasogea, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya vanishi kwenye koti lake.

"Toa mkono mfukoni."

"Mkono una nini?"

"Utoe, Fundi."

Alikawia. Nje gari liliwashwa likaondoka, ndipo Fundi akautoa mkono. Ulikuwa unatetemeka. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana bila kukoma, kama vya mtu anayesokota uzi usioonekana. Sista alikuwa ameiona mikono ya namna hiyo kwenye vitanda vingi mno hata asihitaji kuambiwa jina la ugonjwa.

"Daktari amethibitisha?"

"Wiki iliyopita. Anauita kwa jina refu la kigeni, mimi nauita ugonjwa wa kutetemeka. Anasema hauui upesi. Unachukua kidogo kidogo." Akajaribu kutabasamu. "Lakini mimi nilijua kabla yake. Seremala patasi ikianza kukataa mstari, anajua." Akamtazama. "Na wewe? Usiniambie hukuona. Miaka yote ile ya wodini."

Sista aliinamisha kichwa. "Niliona wakati wa mvua. Ulikuwa unakuja kwangu, mkono mmoja unakwenda na mwili, mwingine umening'inia tu. Nikajiambia umebeba mbao nzito."

"Ulijua hazikuwa mbao."

"Nilijua."

"Kwa hiyo sote tulijua, sote tukanyamaza."

"Mimi nilinyamaza kwa sababu nilitaka niwe mchumba wako hata siku chache zaidi," Sista akasema. "Wewe umenyamaza ili unikimbie. Si sawa."

Fundi alivuta kigoda pekee kilichobaki, akampa akae. Yeye akachutama mbele yake, polepole, akijishika ukutani.

"Unakumbuka ulichoniambia siku nilipokuomba tuoane? Mimi nakumbuka neno kwa neno. Ulisema, 'Fundi, nikistaafu sitaki tena kumlisha mtu mzima kwa kijiko. Nimefanya kazini, nimefanya nyumbani kwa marehemu mume wangu. Mengine yote nitakupa, hilo usiniombe.' Ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilisema."

"Na mimi nikasema nitakula kwa mkono wangu mwenyewe mpaka kaburini. Tukacheka. Basi hiyo ndiyo ahadi pekee uliyoniomba. Nikikuoa leo nimekudanganya, nikikuacha nimekuumiza. Nimechagua kukuumiza. Kidonda hupona, Sista. Wewe unajua kuliko mimi."

Sista alifumbua kinywa kumjibu. Jibu lilikuwepo, jepesi, lile ambalo mwanamke yeyote anayependa angelitoa palepale: nitakuuguza, nitakuwa nawe kwa shida na raha. Alilivuta, halikuja. Badala yake alikiona kitanda alicholala marehemu mumewe kwa miaka sita baada ya kupooza. Aliliona beseni, shuka za kufua kila alfajiri kabla ya kwenda kutandika nyingine za serikali wodini, na mgongo wake mwenyewe ulioanza kuuma wakati ule na haujaacha mpaka leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alishtuka, na Fundi akamwona aliposhtuka.

"Unaona?" Fundi alisema kwa upole kabisa, bila lawama. Upole huo ndio uliomchoma. "Nenda nyumbani, mpenzi wangu."

Sista aliondoka akilia mchana kweupe, katikati ya soko, bila kujifunika uso.

*

Jioni binti yake alikuja. Alikuwa mtoto wake wa pekee, mhasibu, mama wa watoto wawili, mtu wa kusema alichonacho moyoni bila kukizungusha. Habari zilikuwa zimemfikia, za ndoa na za ugonjwa. Alilikuta gauni bado limetundikwa, akalitoa kwenye mlango, akalikunja, akaliweka kitandani kama mtu anayemfunika maiti.

"Mama, nitasema neno, usinikasirikie. Mungu amekuepusha."

"Usimtie Mungu hapa."

"Sawa, nimtoe. Huyo mzee mwenyewe amekuepusha, na nimemheshimu kwa hilo. Tangu mwanzo nilikwambia, mwanamume wa umri huo anatafuta mke au anatafuta muuguzi? Ukaniambia nina roho mbaya."

"Ulikuwa nayo."

Binti alitabasamu bila kupenda. Akakaa karibu na mama yake, akamshika goti. "Njoo ukae kwangu. Chumba kipo, nimeshapaka rangi. Wajukuu wanakutaka."

"Kwako nitakuwa nani?"

"Utakuwa bibi. Utapumzika."

"Bibi anayelala mpaka saa ngapi? Wewe na mumeo mnatoka alfajiri. Nani anawaandaa hao watoto kwenda shule?"

Binti hakubisha. Hakuwa mwongo.

"Sikulaumu," Sista akasema. "Wajukuu ni damu yangu. Lakini niangalie mwanangu. Nimeuguza kwa mshahara, nimeuguza kwa kiapo cha ndoa, na sasa mnataka nilee kwa ubibi. Katika watu wote, aliyeniuliza mimi nataka nini ni yule mtu wa maranda peke yake."

Nyumba ya jirani mtu alikuwa anapiga pasi na kuimba. Hatimaye binti aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo mama yake alikuwa hajaisikia tangu msichana huyo alipokuwa shuleni, "Na unataka nini, mama?"

Sista alifikiri kabla ya kujibu. "Nataka mtu wa kubishana naye jioni. Nataka nikiamka nisikie mtu mwingine anakohoa ndani ya nyumba. Nataka aniambie mambo ya kipuuzi kuhusu mbao, kwamba hii ni kaidi na ile ina wivu, na mimi nimwambie aache ujinga. Akitetemeka, atabishana akitetemeka."

"Na siku akishindwa kujilisha?"

"Hapo ndipo sijui."

"Mimi najua." Machozi yalikuwa yamemlenga binti. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nashika beseni. Nilimpenda baba, lakini nilikuwa nakuona wewe unakwisha pembeni yake. Siku tuliyomzika ulilala, ukalala, kesho yake ukawa bado umelala. Nilikuwa napita kila mara naweka kiganja puani mwako nione kama unapumua. Ningewezaje kukuruhusu urudi kule?"

Sista hakuwa anajua habari za kile kiganja. Alimvuta binti yake kifuani, mwanamke mzima na suti yake ya kazini, akambembeleza kama alivyopaswa kumbembeleza miaka ile yote na hakuwa na nafasi.

"Sitarudi kule," alimwambia. "Nakuahidi. Lakini acha nitafute kama kuna njia nyingine."

*

Alitafuta kwa siku kadhaa, akitembea huku na huko sebuleni. Kisha asubuhi moja akaenda nyumbani kwa Fundi, akaanza kwanza na yule dada mtu, aliyeishi chumba cha uani tangu afiwe na mumewe. Walikaa jikoni, mlango wameufunga, wakazungumza mambo ambayo watu huona haya kuyazungumza kabla hayajafika.

"Atakapohitaji kuogeshwa, wifi, nani atamwogesha?"

"Mimi. Nilimwogesha akiwa mtoto, mama yetu akiwa kibaruani. Alikuwa analia kama anachinjwa." Dada mtu akacheka, akajifuta macho. "Na nguvu zikinipungua, kodi ya karakana itamlipa kijana wa kiume mwenye mgongo. Nilishafikiri. Niliogopa tu kusema, mtu asidhani namuuza kaka yangu."

"Sema kila siku. Tusiogopane."

Fundi walimkuta barazani, kaelekeza kiti kwenye ukuta badala ya barabara. Alipomwona Sista alitaka kusimama, mwili ukachelewa. Sista hakumnyanyua. Alivuta kiti kingine, akakaa.

"Sikuja kulia leo, kwa hiyo nisikilize. Siku ile karakanani nilishtuka, na wewe ukaniona. Ni kweli niliogopa, na bado naogopa. Lakini ulichukua woga wangu ukaufanya jibu. Huo haukuwa jibu, Fundi. Ulikuwa woga tu."

"Endelea."

"Nataka kuolewa na wewe. Ila sitakuwa muuguzi wako. Sitakupima presha, sitakuhesabia vidonge, sitakuosha. Kazi hiyo ina wenyewe, nimeshaongea nao, mmoja yuko jikoni anatusikiliza mlangoni."

"Sisikilizi!" dada mtu akaitika kutoka ndani.

Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanamke huyu kama alivyokuwa akiutazama ubao kabla ya kuukata, akiupima kwa jicho, akitafuta ufa. "Maneno hayo ni mepesi leo. Kijiko kitakapofika, utakaa unaniangalia nimwagikiwe?"

"Sijui. Labda siku hiyo nitakulisha kwa sababu nimependa, kama mke anavyomlisha mume hata akiwa mzima. Labda nitatoka nje nipige kelele. Siku nitakayochoka nitakwambia nimechoka, na wewe hutanuna wala hutamtuma dada yako aje kuvunja ndoa."

"Na siku nitakayotaka kulia mimi?"

"Utalia. Nitakaa hapa hapa." Sauti yake ikashuka. "Hujafa hujaumbika, mpenzi. Hata mimi kesho naweza kuanguka bafuni nikavunjika nyonga. Utanikimbia?"

"Kukimbia kwenyewe siwezi tena," Fundi akasema.

Hapo ndipo walipocheka, wote wawili, kicheko kilichoanza vibaya kikaishia kwenye machozi. Fundi aliinua ule mkono wake wa kulia, ule aliouficha kwa miezi, akauweka wazi juu ya goti la Sista. Ukatetemeka pale. Sista akaufunika kwa wake, bila kuubana wala kujaribu kuutuliza. Uliendelea kutetemeka chini ya kiganja chake, na wakakaa hivyo muda mrefu.

"Binti yako atasemaje?" Fundi aliuliza baadaye.

"Vaa shati, twende tukamsikie."

Fundi aliingia chumbani akatoka na shati jeupe lililopigwa pasi. Akaanza kufunga vifungo. Cha kwanza kilimponyoka, akakirudia, kikamponyoka tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Vidole vya Sista, vilivyofunga maelfu ya vifungo vya wanaume wasiojiweza, viliinuka vyenyewe kutoka kwenye mapaja yake. Akavirudisha chini, akavikalia kabisa, akatazama barabara. Dada mtu alichungulia mlangoni, naye akajizuia. Hakuna aliyemsaidia. Ilichukua muda wake, na alipomaliza, upande mmoja wa shati ulikuwa juu na mwingine chini, kifungo kimoja hakina mwenzake.

"Nimemaliza," akasema kwa fahari.

"Umependeza," Sista akajibu, na alimaanisha.

Binti alifungua mlango mwenyewe. Alimtazama mama yake, akamtazama yule mzee, macho yakatua kwenye shati na kubaki hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Shati lako umelifunga vibaya."

"Najua. Mama yako amekatazwa kunisaidia."

"Nani amemkataza?"

"Amejikataza mwenyewe."

Binti alimgeukia mama yake. Kulikuwa na swali usoni mwake, lile lile la msichana wa miaka kumi na minne, na Sista akalijibu kwa kutikisa kichwa taratibu: hapana, sijarudi kule. Binti akapumua. Midomo ilimcheza kama anayetaka kucheka na hataki aonekane.

"Mimi sijakubali bado," akasema.

"Hatukuja kuomba ruhusa," mama yake akamjibu. "Tumekuja kunywa chai."

"Basi mtainywa polepole, maana nina maneno mengi." Akasogea kando kuwapisha. "Karibuni ndani."

Fundi akainama kuvua viatu pale mlangoni. Kamba zilikataa kwanza. Mama na binti walisimama bega kwa bega ndani ya kizingiti, mikono wameiweka nyuma, wakamsubiri.